Dhahiri kwa Nani?

Mji wetu, Chiatura, umelala chini korongoni,
na migodi iko juu, ukingoni mwa anga.
Kati ya huku na kule: waya.
Baba alipanda kwa waya kwenda kuchimba manganizi,
akashuka kwa waya, uso mweusi, mkate wa jibini kwapani.
Nami nilitaka kitu kimoja tu duniani:
kushika spana, kufungua mota,
kuwa fundi wa vigari vile vinavyoelea.

Mwalimu Tsiala Kobakhidze akanipa penseli.

Miaka miwili, penseli.
"Mota itakungoja," alisema, "ni chuma, haina haraka.
Wewe ndiye utakayeoza ukikaa bure."
Niliandika "ni dhahiri kwamba",
akalizungushia neno wino mwekundu:
Kwa nani?
Nikaandika "bila shaka".
Akaandika: Shaka umeizika wapi? Nionyeshe kaburi.
Nilimchukia. Nasema kweli, nilimchukia
kama aliyebeba gunia anavyoichukia ngazi.

Vazha, tuliyekaa naye dawati moja, alikariri kanuni zote,
akanipita kwa alama,
na leo anauza matairi Kutaisi, ana nyumba ya ghorofa mbili.
Sisemi kwamba hesabu hulipa.

Lakini kulikuwa na ile Jumanne ya Februari,
jiko la kuni likitoa moshi kuliko joto,
nami nimetamka mbele ya darasa zima:
waya unaoning'inia ni parabola.
Hakubisha. Aliichora parabola yangu kwa chaki, safi,
akapigilia misumari miwili ubaoni,
akavua mkufu shingoni, wa fedha, wa marehemu mama yake,
akautundika.

Ncha zikakaa. Kitako kikakaa.
Kisha, katika mteremko, kati ya ncha na kitako,
mkufu ukaiacha chaki, ukapita chini yake
kwa upana wa ukucha.

Hakuna aliyekohoa.
"Ukucha," akasema. "Ni mwingi, au ni kidogo?"
Kimya.
"Hamjui. Kukosea si aibu.
Aibu ni kukosea, usijue umekosea kwa kiasi gani."

Tuliimaliza baridi yote tukiuwinda ukucha ule,
vidole vimekufa ganzi, madaftari yananuka moshi,
mpaka tukaubana kati ya namba mbili
kama panya kati ya mlango na ukuta.
Theluji ilikuwa imeyeyuka. Sikukumbuka kuuliza habari za mota.

Mwaka juzi tulivusha waya mpya juu ya mto Kvirila.
Kompyuta ilitoa jibu kabla sijaketi.
Shota, kijana wa ofisini, mwepesi, mwenye digrii yake,
aliniuliza mbona bado natafuta karatasi.
Mashine imetumia parabola, nikamwambia.
"Inatosha," akasema.
Najua inatosha. Nataka kujua inatosha kwa kiasi gani.

Sentimita kumi na moja.
Mnara ulituruhusu arobaini.
Hakuna ajali iliyoepukwa, hakuna aliyenipigia makofi.
Nilitia sahihi, nikaenda nyumbani.
Upepo ulivuma usiku kucha korongoni,
nami nililala.

Siku ya kwanza ya abiria alikuja Mwalimu,
miaka themanini na sita, mkongojo, mkufu uleule.
Aliingia kigarini bila kushikwa mkono,
akatazama waya, akatazama bonde,
nikaona midomo yake ikihesabu minara.
Tulipofika pale waya unapolegea zaidi
nikangoja neno zuri.
Nimelingoja miaka thelathini na mitatu.

"Uthibitisho," akasema. "Unao hapo?"

Ulikuwa mfukoni, umekunjwa mara nne.
Akavaa miwani. Kigari kikayumba kidogo.
Kidole chake kikashuka polepole,
mstari wa kwanza, wa pili, wa tatu,
na kwenye wa nne
kikasimama.